Shoti ya Kaunta Ailipe Nani?

Safu ya Maswali ya Kazi

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa watu wa supamaketi: keshia, mwenye duka, na binti anayesimama kati ya rafu akiwa amevaa fulana ya kampuni isiyo ya duka hilo. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaacha.

Swali: Ndugu Mshauri, mimi ni keshia katika supamaketi moja ya Dar es Salaam, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Mshahara wangu ni shilingi 390,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita mali ya duka ilihesabiwa, tukaambiwa kuna upungufu, na makeshia wote sita tukakatwa shilingi 124,000 kila mmoja. Meneja alitukumbusha kwamba siku ya kuajiriwa tulisaini karatasi inayosema upungufu wowote utafidiwa na wafanyakazi. Kaunta yangu haijawahi kupungua zaidi ya shilingi mia mbili au mia tatu. Je, makato haya ni halali? Na nikiuliza, si nitaonekana mkorofi? (Keshia, Tabata)

Jibu: Ndugu Keshia, mwajiri wako amechanganya mambo mawili. Shoti ni upungufu wa fedha kwenye droo, na droo ina mtu aliyekabidhiwa. Upungufu wa mali ni jambo jingine kabisa: huenda mzigo ulipokelewa pungufu mlango wa nyuma, maziwa yaliyoganda yakatupwa bila kuandikwa, mteja akaondoka na kopo la maziwa ya unga chini ya kanga, au aliyekuwa akipima mboga akabonyeza namba ya vitunguu badala ya nyanya kwa wiki nzima. Keshia hahusiki na mengi kati ya hayo, hata kama yeye ndiye anayeonekana karibu zaidi na fedha.

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mfanyakazi akatwe mshahara ili kufidia hasara, lakini kimeweka masharti ambayo lazima yatimizwe yote kwa pamoja. Hasara iwe imetokea wakati wa kazi na kwa kosa la mfanyakazi huyohuyo. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na namna lilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kuyapinga hayo. Kiasi kinachodaiwa kisizidi hasara halisi. Na jumla ya makato isizidi robo ya malipo yake ya fedha. Robo ya shilingi 390,000 ni shilingi 97,500, kwa hiyo hata kama ungekuwa umekutwa na kosa mchana kweupe, shilingi 124,000 zisingeweza kukatwa kwa mkupuo mmoja. Kugawa hasara kwa idadi ya vichwa ni kukiri kwamba aliyekosea hajulikani, na pasipojulikana mkosaji sharti la kwanza limeanguka.

Karatasi mliyosaini isikutishe. Sheria inakubali makato ya deni ambayo mfanyakazi ameyaridhia kwa maandishi, ila ridhaa hiyo imefungwa na masharti niliyoyataja, haiyafuti. Isitoshe, siku ile mlipoisaini hapakuwa na deni lolote la kuridhia.

Mwandikie meneja barua fupi yenye adabu, usiitie ukali hata chembe, ukiomba maelezo ya maandishi kuhusu chanzo cha upungufu, hesabu yake na sababu ya wewe kuhusishwa. Baki na nakala yenye saini ya aliyeipokea. Kama duka lenu lina tawi la TUICO, chama kinachowaandikisha wafanyakazi wa biashara, mshirikishe mwakilishi kabla hujapeleka barua. Majibu yakikosekana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaijua kwa herufi CMA, hupokea mgogoro wa aina hii ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka. Kwa hiyo usikubali kuzungushwa kwa ahadi za “tutakaa tuzungumze” mpaka miezi ikapita. Kuhusu hofu ya kuonekana mkorofi, siwezi kukuahidi kwamba meneja hatanuna. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inasema kwamba kutumia haki uliyopewa na sheria si sababu halali ya kuachishwa kazi, na likitokea hilo muda wa kufungua shauri ni siku 30 tu.

Niongeze la ujuzi, kwa kuwa nami niliwahi kukaa nyuma ya kaunta, katika duka ambalo sitalitaja. Jioni moja ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa imefika kwenye friji za samaki, msimamizi aliniambia niende kunywa chai na kumwachia droo yangu mwenzangu, “dakika kumi tu.” Niliporudi tuliendelea kuuza, na usiku ikakosekana noti moja ya elfu kumi. Tulitazamana. Kila mmoja wetu alijua kwamba hakuichukua, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitisha. Nililipa mimi, kwa sababu jina lililokuwa kwenye mashine lilikuwa langu. Tangu hapo najua kwamba droo moja ni ya mtu mmoja, na neno la siri la mashine halikopeshwi hata kwa rafiki. Hesabu chenji ya kuanzia mbele ya msimamizi na nyote wawili msaini. Ukitaka kutoka, funga droo na uondoke na ufunguo. Bidhaa ikifutwa kwenye mashine, anayeidhinisha aandike jina lake palepale. Na mteja akilipa kwa Lipa Namba, usitazame ujumbe ulio kwenye simu yake bali subiri ujumbe uingie kwenye simu ya duka, maana ujumbe wa kughushi umewatia hasara makeshia wengi. Usiku fedha zihesabiwe ukiwapo. Mfuko uliofunguliwa asubuhi ukiwa nyumbani umelala hauwezi kuwa ushahidi wa shoti yako.

Kwa wasomaji wa Kenya, njia ni tofauti kidogo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Keshia wa Mombasa asome mkataba wake kwa makini zaidi kuliko wa Tabata, ingawa hata huko uzembe ni wa mtu mmoja mmoja, wala haugawanywi kama karamu.

Swali: Mshauri, nina supamaketi ndogo yenye makeshia wanane. Tunafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 3 usiku. Nimewagawa wanne asubuhi na wanne jioni, na kila mtu ana siku yake ya kupumzika, lakini jioni foleni inafika mlangoni, wateja wanaacha vikapu na kuondoka, na makeshia wanaacha kazi kila baada ya miezi michache. Niajiri wengine? (Mwenye duka, Morogoro)

Jibu: Mzee wangu, usiajiri mtu kabla hujaisoma mashine yako. Mfumo wa mauzo unahifadhi saa ya kila risiti. Chukua risiti za wiki nne, zihesabu kwa kila saa, na andika kwenye daftari siku baada ya siku. Nadhani utaona kwamba asubuhi makeshia wako wanne wanapiga soga huku wakipangusa kaunta, na kwamba kati ya saa 11 jioni na saa 2 usiku wanne haohao, ukimtoa aliye mapumzikoni, hawatoshi kabisa. Kama mteja mmoja huchukua wastani wa dakika tatu, keshia mmoja huhudumia watu ishirini kwa saa. Wakija themanini unahitaji kaunta nne zilizo wazi, na kama zipo tatu kila saa inakuachia watu ishirini wakiwa wamesimama na hasira zao. Kugawa watu nusu kwa nusu kunapendeza kwenye karatasi, lakini wateja wako hawaji nusu kwa nusu.

Sheria ileile ya Ajira na Mahusiano Kazini inakupa saa 45 za kawaida kwa juma, zisizozidi siku sita, wala zisizozidi saa tisa kwa siku. Saa 45 kwa siku sita ni saa saba na nusu, na ukiongeza saa moja ya mapumziko, ambayo ni haki ya mtu aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano, keshia anakuwapo dukani saa nane na nusu. Zamu ya kwanza iingie saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 10:00 jioni; ya pili iingie saa 7:00 mchana na kutoka saa 3:30 usiku, hesabu ya fedha ikiwa ndani ya muda huo, kwa sababu kuhesabu droo ni kazi na si hisani. Siku za mapumziko zigawanye kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, wawili kila siku, ili Ijumaa, Jumamosi na Jumapili wote wanane wawepo. Siku za katikati ya juma watu wawili wanatosha kufungua, wanne wabaki na jioni. Mwisho wa juma watatu wafungue, watano wafunge. Umepata kaunta moja au mbili zaidi wakati wa msongamano bila kuongeza mshahara hata mmoja. Mwezi wa Ramadhani upangie ratiba yake, kwa kuwa msongamano unasogea nyuma, kabla ya futari, kisha duka linakuwa kimya ghafla kama msikiti saa nne asubuhi.

Sasa kuhusu kuacha kazi. Hukuandika kama keshia anayefunga usiku ndiye anayefungua kesho yake, lakini katika maduka madogo hilo hutokea kila wiki, hasa mtu mmoja anapougua. Kutoka saa 3:30 usiku hadi saa 1:30 asubuhi ni saa kumi tu, wakati kifungu cha 24 kinataka saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, mbali na saa 24 za mapumziko ya kila juma. Toa katika hizo kumi safari ya kurudi nyumbani, kupika, kufua sare na kuamka alfajiri kutafuta daladala, uone kinachobaki cha usingizi. Huyo ndiye unayemtegemea asikosee chenji.

Lipa pia kile kinachopaswa kulipwa. Kwa mshahara wa shilingi 390,000, kanuni ya sheria ni kugawa kwa 4.333 ili kupata malipo ya juma, kisha kwa saa 45, ambayo inakupa takriban shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000, na saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Saa ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kazi ya usiku, ambayo kisheria huanza saa 2 usiku, ina nyongeza ya asilimia 5, yaani shilingi 100 kwa saa. Nakiri kwamba shilingi mia haimfikishi mtu kituo cha kwanza, na ndiyo maana wenye maduka wenye akili huongeza nauli ya usiku au bajaji ya pamoja, hasa kwa wanawake. Mjamzito asipangwe usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua. Na anayenyonyesha apewe muda, hadi saa mbili kwa siku, wa kumnyonyesha mtoto.

Ratiba ibandike ukutani wiki mbili kabla. Hilo halikugharimu hata senti, na kati ya yote niliyoyaandika, pengine ndilo makeshia wako watakalolishukuru kwanza, kwa sababu mtu asiyejua Jumanne atakuwa wapi hawezi kupanga hata kliniki ya mtoto.

Swali: Mimi ni promota wa sabuni. Nalipwa na kampuni ya sabuni kupitia wakala, lakini msimamizi wa supamaketi ananipangia saa za kuingia, ananituma kupanga rafu za bidhaa nyingine na hata kudeki. Bosi wangu ni nani? (Promota, Mwanza)

Jibu: Dada, anza na karatasi: aliyesaini mkataba wako na anayekulipa ndiye wa kuulizwa kwanza, na ana wajibu wa kukupa kwa maandishi maelezo ya kazi yako, saa zake na malipo yake. Kama kudeki hakumo, mwambie wakala azungumze na duka. Usigombane na msimamizi katikati ya wateja. Lakini wote wawili wakikukana siku ya matatizo, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa, mojawapo likiwa kwamba saa zake au namna anavyofanya kazi viko chini ya maelekezo ya mwingine. Kwa hiyo tunza kila ujumbe wa simu unaokupangia zamu, na ujue ni nani aliyeutuma.