Kabla ya Kumwita Mwekezaji wa Kigeni, Andaeni Ardhi

Miaka niliyofanya kazi ya kupokea wawekezaji katika halmashauri mojawapo ya Tanzania Bara imenionyesha kwamba mgeni anayekusudia kujenga kiwanda huulizia ardhi mapema kuliko kodi. Kwa hiyo nawashauri maofisa wenzangu kwamba, kabla ya kuchapisha vipeperushi na kufunga safari za makongamano, wawe na walau eneo moja lililopimwa, lisilo na mgogoro, ambalo nyaraka zake zinaweza kuwekwa mezani siku yoyote zitakapotakiwa.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, na sehemu kubwa ya ardhi yetu ni ya vijiji, ambayo sharti ihamishwe kwanza kuwa ardhi ya jumla, yaani ardhi ya umma isiyo ya kijiji wala ya hifadhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, eneo lisilozidi hekta 250 huhitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji; likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na uamuzi hubaki kwa waziri. Niliwahi kumshuhudia wakili wa kampuni ya kigeni akifungua jalada, akaipita ramani bila kuitazama, akaenda moja kwa moja kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji na kuanza kuhesabu saini za mahudhurio, kisha akauliza kama wafugaji wanaopitisha mifugo pale nao waliitwa. Hawakuwa wameitwa. Mazungumzo yaliishia hapo, na simlaumu, kwa sababu mgogoro wa ardhi husimamisha ujenzi huku riba ya benki ikiendelea kupanda.

Umeme nao una maswali yake, na kusema tu kwamba "upo" hakutoshi. Mwekezaji atataka kujua laini ya msongo wa kilovolti 33, inayosambaza umeme wilayani, iko umbali gani, kituo cha kupozea umeme (kinachoshusha msongo wake) kina uwezo gani uliobaki, umeme hukatika kwa jumla ya saa ngapi kila mwezi, na transfoma italipiwa na nani.

Kuhusu misamaha ya kodi sina mengi: kiwanda kichanga aghalabu hakipati faida miaka ya mwanzo, hivyo kusamehewa kodi ya faida hakukisaidii sana kama unafuu wa ushuru wa mitambo na marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) yasiyochelewa.

Jambo linalosahaulika mno ni wawekezaji waliokwisha kuingia. Mgeni makini, kabla ya kusaini chochote, humpigia simu mwenzake aliyeko wilayani, na huyo akiwa anasumbuliwa na wakaguzi wa idara hii leo na ile kesho, atasema hivyo bila kuficha. Teueni ofisa mmoja awatembelee kila robo mwaka, aandike kero zao, na taarifa yake ifike kwa mkurugenzi kabla bajeti ya safari za nje haijapitishwa.