Tukibadilisha asilimia 30 ya Fame, si inakuwa yetu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha vijana 14 wa Bagamoyo, wengi tumesomea sanaa za maonyesho. Tunatengeneza upya Fame, ile filamu ya mwaka 1980 ya wanafunzi wa sanaa wa New York, kwa Kiswahili. Skripti tumeshaitafsiri na kuihamishia kwetu. Nyimbo 5 tumezitafsiri pia, na prodyuza wetu amezipiga upya kisingeli na kugeuza melodi kama asilimia 30. Je, asilimia hiyo inatosha au tuongeze? Na kama nyimbo zina kibali, kuna haja tena ya kibali cha filamu? Kuna kaka anatutafutia "leseni ya kava" kwa shilingi 350,000.

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo asilimia 30, maana hata nikiamshwa usiku wa manane naweza kuikariri. Wapo wanaosema 30, wapo wa 20, wapo wa "noti saba", na juzi nimeletewa ya "sekunde 15". Hakuna sheria yenye namba hizo, si ya Tanzania, si ya Kenya, si ya Marekani. Ni namba za kijiweni; zimezaliwa studio na zinazeekea studio, na kila prodyuza anamrithisha mwenzake kama dawa ya mababu.

Sheria inaangalia ulichochukua. Ulichoongeza juu yake hakikuokoi. Mkipiga kiitikio cha Fame kwa kasi ya singeli, mkaimba Kiswahili fasaha kabisa, halafu mama mmoja anayepita na kapu lake akasema "aa, si ule wa Irene Cara?", yaani yule aliyeuimba kwenye filamu, mmeshajibiwa. Biti mpya ni kazi ya prodyuza wenu na hakuna wa kumnyang'anya, lakini kilichokaa juu yake kina wenyewe.

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba kutafsiri ni sawa na kununua. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994 na Marekani mwaka 1989, unampa mtunzi haki ya kuruhusu tafsiri ya kazi yake na haki ya kuruhusu kazi hiyo igeuzwe sura. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, imeziweka humo humo. Kwa hiyo mdogo wangu, mlipotafsiri mligusa haki moja, mlipogeuza melodi mkagusa nyingine, na mlipohamishia hadithi Bagamoyo mkarudi kuigusa hiyo ya pili kupitia skripti. Mnadhani mnaukimbia mlango, kumbe mnafungua mingine.

Angalia wimbo wa kufungia filamu yenyewe, "I Sing the Body Electric". Jina lake limetoka kwenye shairi la Walt Whitman, aliyefariki mwaka 1892. Shairi hilo sasa ni la kila mtu. Litafsirini kesho asubuhi, liimbeni, liwekeni kwenye taarabu mkitaka. Lakini wimbo wa kwenye filamu ni wa Michael Gore na Dean Pitchford, na kilicho chao ndani yake hakijawa cha kila mtu kwa sababu tu jina ni la Whitman.

Swali la pili mmeliuliza kana kwamba Fame ni kitu kimoja chenye mwenye nyumba mmoja. Skripti aliandika Christopher Gore, akaongoza Alan Parker. Wimbo wa "Fame", uliochukua Oscar, ni wa Michael Gore na Pitchford. "Out Here on My Own" Michael aliutunga na dada yake, Lesley Gore. Uchezaji wa mtaani, ule wa kurukaruka juu ya magari, aliupanga Louis Falco, na mpangilio wa dansi nao hulindwa, jambo ambalo wachezaji wetu wenyewe wengi hawalijui. Mwanzoni mwa filamu mnamwona simba wa studio ya MGM akinguruma. Simba huyo asiwadanganye. Mwaka 1986 Ted Turner, tajiri wa televisheni, aliinunua MGM, akaiuza tena upesi, ila akabaki na maktaba ya filamu za zamani, Fame ikiwemo, na maktaba hiyo ikaenda naye kampuni ya Time Warner mwaka 1996. Filamu ya 2009 iliyoitengeneza upya ikatoka tena chini ya jina la MGM. Ndiyo maana mtu mzima kwenye kazi hii huuliza maswali mawili tofauti: nani ana filamu, na nani ana haki ya kuitengeneza upya.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, mnahitaji kibali cha hadithi hata kama nyimbo zina kibali, na cha nyimbo hata kama hadithi ina kibali. Pona yenu ni moja tu: kwa kuwa mnarekodi upya, ile rekodi yenye sauti ya Irene Cara, yaani masta, haiwahusu.

Sasa tumwendee huyo kaka wa 350,000. Leseni ya kava ipo, sikatai. Marekani inatoka kwenye kifungu cha 115 cha sheria yao ya hakimiliki, na inamruhusu mtu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutoka na kuusambaza kwa malipo yaliyopangwa. Lakini ni leseni ya masikio. Haigusi picha. Mara wimbo unapowekwa chini ya picha inayotembea, mnahitaji ruhusa ya mwenye wimbo ya kuuweka kwenye filamu, na ruhusa hiyo haina bei ya ubaoni. Mwenyewe anaweza kutaja anachotaka, akakataa, au akanyamaza mpaka mchoke. Kunyamaza kwake si ruhusa. Isitoshe, kifungu hicho hicho hakiruhusu kubadili melodi ya msingi wala tabia ya wimbo. Asilimia 30 mnayojivunia ndiyo ingekuwa ya kwanza kuwanyima hata hiyo leseni mnayouziwa!

Madalali hawa nawajua. Wanachukua karatasi halali ya jambo dogo na kuiuza kama ruhusa ya jambo kubwa. Aliwahi kuniletea kijana mmoja filamu yake iliyokwisha kupokewa kwenye tamasha la nje. Waandaaji walikuwa wamemwomba nyaraka za umiliki, kuanzia mwandishi hadi wimbo wa mwisho. Alikuwa na wimbo mmoja wa kigeni wa sekunde kama 40, na karatasi yenye mhuri mzuri kuliko wa mahakama, aliyouziwa na mtu ambaye simu yake haikupatikana tena. Tungebadilisha wimbo, ila mhusika alikuwa anauimba kwa mdomo wake, kamera usoni. Midomo haidanganyi. Ikakatwa sehemu nzima, dakika 11, pamoja na mama yake mzazi aliyeigiza humo bure.

Na kabla hamjaniuliza: kusajili kazi yenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hakuisafishi. Unasajili unachodai ni chako. Kama ndani kuna cha mwingine, kinabaki cha mwingine. Kibali cha Bodi ya Filamu nacho kinawaruhusu kupiga picha na kuonyesha, hakiwapi umiliki wa wimbo wa mtu. Yale maandishi ya YouTube ya "wimbo huu si wetu, haki zote ni za mwenyewe" sijui niyaite nini, maana ni mtu kuiba kuku na kuacha barua yenye sahihi.

Waliokuwa na wanasheria na fedha walifanyaje? Fame ilipopelekwa jukwaani Miami mwaka 1988, ilitungiwa nyimbo mpya na Steve Margoshes na Jacques Levy. Kutoka kwenye filamu ulibaki wimbo wa jina tu. Filamu ya 2009 ya Kevin Tancharoen nayo ilibakisha "Fame" na "Out Here on My Own", ikamrudisha Debbie Allen, mwalimu wa dansi wa ile ya kwanza, safari hii akiwa mkuu wa shule, na sehemu kubwa iliyobaki ikajazwa muziki mpya. (Kwa maoni yangu ilipwaya. Ile ya Parker ina njaa, ina aibu, ina watoto wanaoumia; hii imefuliwa ikapigwa pasi.) Kama wenye ruhusa mkononi walitunga upya, ninyi msio nayo mnang'ang'ania nini?

Wazo halina hati. Shule ya sanaa, usaili, miaka minne, wengine kufaulu na wengine kupotea, hayo hayamilikiwi na mtu. Jina lenyewe halikuwa na usichana: David Bowie alikuwa na wimbo wake wa "Fame" tangu 1975, na filamu hii ilianza ikiitwa Hot Lunch. Hata jengo la shule halisi hawakulipata. Wakuu wa elimu wa New York walisoma skripti wakakataa, watu wakaenda kupigia picha kwingine. Na ile dansi ya mtaani ilipigwa picha wimbo wa "Fame" ukiwa haujatungwa, spika zikipiga "Hot Stuff" ya Donna Summer, halafu Michael Gore akaja kutunga wake. Fanyeni hivyo hivyo. Piga picha kwa kufuata biti ya muda, ya kushikilia nafasi tu, andikeni kasi yake kwenye karatasi ya kila shoti, halafu prodyuza wenu atunge singeli yake juu ya hatua zile zile. Biti ya muda isibaki hata sekunde moja kwenye kazi ya mwisho, hata nyuma ya kelele za magari, wala asiikopi akaiita yake. Na mchezaji asifumbue mdomo kuimba mpaka maneno yenu yawe tayari.

Skripti mliyotafsiri iwekeni kabatini. Msiiandikie juu, maana majina na maneno ya wenzenu yatavuja tu. Anzeni na daftari tupu na usaili mlioufanya wenyewe. Kati ya watu 14 hamwezi kukosa mmoja aliyelia siku ile.

Huyo kaka, kama bado hajalipwa, mwambieni awape karatasi inayotaja mambo haya: jina la wimbo, kampuni inayousimamia, neno "filamu", nchi zinazohusika na muda wa matumizi. Msiilipie kabla hamjaiandikia kampuni yenyewe kwa anwani mliyoitafuta wenyewe, si aliyowapa yeye. Kama ameshalipwa, daini risiti leo, kabla hajabadilisha laini.