Dagaa wa Kigoma kwenye meza yangu Buguruni

Wiki hii mmeuliza: "Je, ni haki kulifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi miezi mitatu?" Nauza dagaa soko la Buguruni, na jibu lilinitoka kabla sijamaliza kusoma: si haki. Mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kila mtu alimzungumzia mvuvi wa Kigoma. Sisi wa Dar hakuna aliyetuuliza. Ziwa lile ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, lakini haliishii kwenye bandari zake za Kasanga wala Mpulungu. Linafika mpaka kwenye sufuria ya mama wa Vingunguti anayenunua kopo moja kulisha watu sita. Miezi ile niliuza dagaa wa Mwanza. Si wabaya, ila wateja wangu walipita wakiulizia wa Kigoma, na kikoba kilitaka rejesho lake kila Jumamosi vilevile.

Ila kuna gunia moja la mwaka 2023 silisahau. Dagaa wa Kigoma ukimmimina kwenye ungo anang'aa kama fedha, mzima, kichwa mpaka mkia. Wale walikuwa kama sindano, wengine hawafiki hata pingili ya kidole. Nilipochekecha, nusu ikaanguka kwenye turubai, unga mtupu. Mzee mmoja mzaliwa wa Ujiji, ambaye hununua kisado kila mwisho wa mwezi, akachota kiganjani, akawatazama, akawarudisha taratibu.

"Mwanangu, hawa watoto. Mnatuuzia watoto."

Nilimjibu kwa ukali, na mpaka leo naumia. Akaondoka mikono mitupu. Nikampigia dada anayenitumia mzigo kutoka mwalo wa Kibirizi kule Kigoma, nikafoka. Akaniacha nimalize. Akasema giza lile zima la mwezi wanaume walikesha ziwani na taa zao, wakarudi na ndoo mbili tatu, na chanja zake za kuanikia zilikuwa wazi. "Dada yangu, ningekuwa na wakubwa ningekunyima?"

Baada ya kuyaandika haya, ile "si haki" naiona niliitoa haraka. Lifungwe. Dagaa akiachwa akakua na kuzaa, hata mgebuka, yule samaki mkubwa wa ziwa hilo, atarudi, maana chakula chake ni dagaa huyohuyo. Lakini nchi zote nne zifunge siku moja, na nyavu za macho madogo zikamatwe mwaka mzima, si miezi hiyo tu. Wafikiriwe pia kina mama wanaoanika pale Kibirizi; mimi nilikuwa na dagaa wa Mwanza wa kushikilia meza, wao walishika nini? Na tangazo litufikie sokoni mapema, Januari au Februari, tuweke akiba kabla bei haijapanda. Mwaka 2024 habari nilizipata kwa dereva wa lori aliyenishushia gunia la mwisho.