Shangazi Anajibu: Pasaka na wenyeji wangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana wa Kondele, Kisumu, sasa naishi na familia moja Bonn, Ujerumani. Wikendi ya Pasaka wanataka kunipeleka Köln kuona kanisa kuu. Mfuko wangu mwembamba. Nitalipa nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waulize leo hii mezani: nauli na tiketi ni juu ya nani? Kwetu ungeonekana huna adabu. Huko ni jambo la kawaida. Mimi nilinyamaza, nikaishia kuhesabu sarafu dirishani pa tiketi huku foleni ikinikodolea macho. Aibu ile!

Kupanda mnara hulipiwa, na ni ngazi 533, lifti hakuna. Vaa raba. Kanisa lenyewe lilianza kujengwa 1248 likakamilika 1880. Ukifika ngazi ya mia tatu utaelewa kwa nini walichelewa.

Manunuzi yako fanya mapema, kwani Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu maduka hufungwa. Na yale majani ya chai ya Kericho uliyoficha sandukuni, yatoe. Wapikie mwenyewe, kwa maziwa, mkirudi mmechoka.