Picha nzuri si lazima iwe jalada zuri

Watu wakijua kwamba napenda majalada ya vitabu vya katuni, swali la kwanza huwa ni la bei: lipi ghali, lipi la kuhifadhi, lipi litapanda thamani. Kwangu huko ni kuanzia mwisho. Jalada lilichorwa limsimamishe mtu anayepita na shughuli zake, atoe senti mfukoni, anunue. Mimi nabuni mabango na makava kwenye ofisi ya uchapaji hapa Dar, na mengi ninayoyajua kuhusu kumsimamisha mpita njia nimeyaokota kwa wachoraji waliokuwa wakifukuzana na tarehe ya kuchapa, kwenye karatasi hafifu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kutazama jalada ni kwamba usikisogelee kitabu. Kiweke kitabu mezani kisha rudi nyuma hatua kadhaa, au kama unatazama kwenye simu, punguza picha mpaka iwe ndogo kama stempu. Kile ambacho bado unakiona ndicho mchoraji alichokuuzia. Jaribu na toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lililochorwa na Joe Shuster. Hata likiwa dogo namna hiyo, unaona mtu mmoja ameinua gari la kijani juu ya kichwa chake. Basi. Ukilisogelea ndipo unawaona watu wanaotimua mbio, na yule wa mbele aliyejishika kichwa kwa hofu. Halafu utagundua kwamba jina la Superman halipo popote kwenye kava hilo. Msomaji wa mwaka ule hakuambiwa kama huyu mwenye joho jekundu ni mwokozi au jambazi. Alitakiwa alipe senti 10 ndipo ajue.

Jaribio jingine ni kuondoa rangi zote, na simu yoyote inaweza. Jalada likizimika baada ya hapo, basi lilikuwa linabebwa na rangi tu. Jalada la kwanza la The Dark Knight Returns la mwaka 1986, la mchoraji Frank Miller na mtia rangi Lynn Varley, halitikisiki: umbo jeusi la Batman limeruka hewani, na nyuma yake radi nyeupe imepasua anga. Hakuna uso, hakuna misuli, hakuna jengo lililochorwa dirisha kwa dirisha. Wachoraji vijana wanaokuja ofisini kwetu na michoro iliyosheheni vitu huwa nawaonyesha hilo, na wengi hawanielewi mara moja, maana wamezoea kuamini kwamba anayechora vingi ndiye anayejua.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki Marekani, unatoka Ubelgiji. Mwaka 1936 mchoraji Hergé alichora kwa gouache, yaani rangi nzito za maji, jalada la Le Lotus bleu, kisa cha Tintin, kijana mwandishi wa habari, akiwa China. Tintin na mbwa wake wamejificha ndani ya mtungi mkubwa wa kaure, wanachungulia, na juu yao joka jekundu linajitokeza gizani. Mchapishaji wake, Casterman, akaona kuchapa rangi zile zote kungekuwa ghali mno. Hergé akarudi mezani na kulifanya upya kwa rangi chache zaidi, na akazigeuza: joka likawa jeusi, nyuma yake kukawa kwekundu.

Mchoro ule uliokataliwa uliuzwa kwenye mnada wa Artcurial mjini Paris, Januari 2021, kwa zaidi ya yuro milioni 3.1, ukiwa bado na alama za mikunjo. Kwa hiyo kila anayezungumzia jalada hilo siku hizi anauzungumzia huo. Tafuta picha zote mbili mtandaoni, uziweke pamoja, utazame kwa utulivu. Ule wa kwanza una ulaini wa ajabu; joka halina ukingo mkali, linaonekana kama bado linatoka gizani, na jicho lako linatembea polepole juu ya mwili wake. Unataka kuusogelea. Ule uliochapwa hauna subira hiyo. Wekundu wake ni bapa, hauna kivuli, unakupiga usoni ukiwa ng'ambo ya barabara. Weusi wa joka unakushika, mwili wake unakuzungusha, kisha unakushusha kwenye mtungi, na hapo ndipo unakutana na uso mdogo wa Tintin. Njia ya jicho ni ile ile kwenye michoro yote miwili, ila kwenye huu wa pili unaipita mara moja.

Nitasema wazi, hata kama wenye fedha zao hawatakubaliana nami: ule wa mnadani ni picha bora, huu wa dukani ni jalada bora. Ukishaizoea tofauti hiyo, hutasumbuliwa tena na mabishano mengi ya mashabiki, kwa sababu nusu yao huwa wanasifia picha na nusu nyingine wanasifia jalada.

Kitu kingine cha kutazama ni swali. Jalada lililokaa sawa linakuachia jambo ambalo huwezi kulimaliza bila kufungua ndani. Mchoraji Carmine Infantino alikuwa fundi wa hilo. Kwenye The Flash namba 163, ya mwaka 1966, shujaa amekunyooshea kiganja wewe msomaji na kukusihi usilipite toleo hili kwa sababu maisha yake yanalitegemea. Ni uchokozi mtupu, na unafanya kazi mpaka leo. Wakati mwingine swali lilikuwa la kipuuzi kabisa. Mwaka 1951 toleo la nane la Strange Adventures lilitoka na sokwe ndani ya kizimba, ameshika ubao ulioandikwa kwamba yeye ni mtu aliyeharibiwa na jaribio la kisayansi. Liliuzika vizuri, basi wahariri wa DC, kampuni iliyolichapisha, wakawa hawaishi kuagiza sokwe. Ukipitia majalada yao ya miaka iliyofuata utawakuta hao sokwe kila mahali, wengine wanawapiga mashujaa, wengine wanapewa madaraka. Mimi hucheka peke yangu.

Swali zito zaidi liko kwenye X-Men namba 141, kitabu cha kundi la mashujaa, ya Januari 1981, iliyochorwa na John Byrne kwa penseli na Terry Austin kwa wino. Wolverine, mmoja wa kundi hilo, ambaye sasa ana mvi, amebanwa ukutani na mwanga wa kurunzi, mkono mmoja ukimkinga mwanamke aliye pembeni yake. Nyuma yao kuna bango lenye sura za wenzao, na juu ya kila sura limegongwa neno: huyu kauawa, huyu kakamatwa, huyu kauawa. Toa bango hilo, na kinachobaki ni watu wawili wenye hofu. Ukilirudisha, umeshapewa msiba mzima kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Ninapotengeneza kava la riwaya huwa najiuliza bango langu liko wapi.

Usisahau pia sehemu ya juu. Magazeti yakipangwa yakilaliana, mnunuzi huona ukanda wa juu tu, ndiyo maana kuanzia mwaka 1963 kampuni ya Marvel waliweka kisanduku kwenye kona ya kushoto chenye sura ya shujaa, wazo linalohesabiwa kuwa la mchoraji Steve Ditko. Jina la kitabu nalo ni mchoro, na lina watu wake. Gaspar Saladino, kwa mfano, alichora nembo nyingi za DC. Mchoraji Jim Steranko alilitumia jina kama kitu cha kushikika kwenye toleo maalumu la Hulk la mwaka 1968: herufi za HULK ni mawe mazito yanayopasuka, na Hulk mwenyewe ameyabeba mgongoni, magoti yanakunjika. Sura aliyochora Steranko ilionekana kali mno, kwa hiyo Marie Severin akaagizwa kuchora nyingine. Uso unaouona kwenye jalada hilo maarufu ni wa Severin.

Hilo linanileta kwenye tabia moja ninayowaomba watu waiache, ya kumtaja mtu mmoja tu. Kuna wa penseli, wa wino, wa rangi, wa herufi, na mara nyingi kuna mhariri aliyetoa wazo. Ukipenda jalada, ingia Grand Comics Database, hifadhi ya bure inayojengwa na watu wa kujitolea, utafute nani alifanya nini. Baada ya muda utaanza kutambua mikono. Utakuta kwamba mchoraji uliyemdhania hodari alikuwa anabebwa na mtu wa wino.

Kuhusu matoleo yenye makava mengi, sitasema mengi. X-Men namba 1 ya mwaka 1991, ya Jim Lee, ilitoka na makava matano na kuuzwa nakala zaidi ya milioni 8. Manne kati yake ukiyaunganisha yanakuwa picha moja ndefu, nzuri kweli. Likitazamwa moja moja, kila kava linaonekana limekatwa katikati ya sentensi. Na kwa kuwa nakala zimejaa duniani, anayekuuzia kwa bei kubwa anakula hela yako.

Usidhani pia kwamba lazima uwe na vya Marekani ndipo ujifunze. Kama uko Nairobi na ukabahatika kukutana na nakala ya Joe, gazeti lililoanzishwa mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, inunue hata kama imechakaa. Huku Dar mambo ni hayo hayo kwa nakala za zamani za gazeti la katuni la Sani. Zifanyie majaribio niliyoyataja, umbali kwanza, kisha bila rangi, kisha swali. Baadhi zitaanguka, na ni vizuri ujue zimeangukia wapi. Ukishazipata, zitie kwenye mfuko wa plastiki wenye kadibodi ngumu nyuma, uziweke mbali na jua na mbali na ukuta unaovuta unyevu. Karatasi ile hugeuka njano yenyewe bila kusaidiwa, na hewa ya pwani haina huruma. Ile unayotaka kuitundika, piga skani nzuri, uchape nakala, utundike hiyo.