Feri na bahari: vina vimekubaliana?

SWALI: Mimi ni kijana wa Likoni, naandika nyimbo. Wimbo wangu mpya unaanza "Nakungoja kwenye feri". Nimekwama papo hapo, maana kila nikitafuta neno la kuitikia feri napata heri na kwa heri tu. Ami yangu ni mtunzi wa mashairi, akaniambia nitie bahari au safari na vina vitakuwa vimekaa. Prodyuza wangu aliposikia akacheka, akasema havipatani hata kidogo. Nani mkweli? Na je, kuna kamusi ya vina nikaitafuta nikapumzika?

JIBU: Ami yako hakukosea, na prodyuza naye hakukosea. Kila mmoja ana kipimo chake.

Katika shairi la kimapokeo, kina ni silabi ya mwisho. Feri inaishia kwa ri, bahari inaishia kwa ri, imekwisha hiyo. Kwa kipimo hicho ami anaweza kuzipanga feri, siri, uzuri na bandari katika ubeti mmoja na asipatikane wa kumsahihisha. Ndivyo walivyotunga malenga (washairi mabingwa) wa Mvita, yaani Mombasa, tangu zama za Muyaka wa Haji, mwanzoni mwa karne ya 19. Tena silabi moja inawatosha kwa sababu vina vya shairi hupigwa karibu karibu: mizani (yaani silabi) nane, kina, mizani nane nyingine, kina. Sikio halipati nafasi ya kusahau.

Wimbo wa studio mambo yake mengine. Mistari hurefuka na kufupika, mdundo unaingia katikati, na kina kinaweza kuja baada ya maneno kumi. Hapo sikio hushika pale sauti inapokazwa, na Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Sema kwa sauti: FEri. baHAri. Palipokazwa pana e huku na a kule, na ile ri ya mwisho inapita chini chini. Ndiyo maana prodyuza alicheka. Feri na heri zinapatana kuanzia kwenye mkazo mpaka mwisho, na sikio la kijana wa leo limezoea hivyo.

Kwa hiyo kabla hujaanza kusaka neno, amua unaandikia sikio lipi. Ukichagua la ami, maneno ya ri ni tele: habari, hatari, sukari, kiburi, desturi, tajiri, alfajiri, subiri, tafakari. Wingi huo una sababu. Maneno mengi tuliyoyapata kutoka Kiarabu yaliishia konsonanti, na sisi hatupendi neno kukatikia hapo, tukayapa irabu. Yaliyoishia kwa sauti za midomo, kama b na m, aghalabu yalipata u: kitabu, sababu, jawabu, adhabu, taabu, tabibu, salamu, kalamu, hukumu, elimu. Mengi ya yaliyobaki yalipata i, ndipo tukapata bahari na safari. Ukilijua hili, huhangaiki. Ukitaka -bu unajua unaingia upande wa sababu na adhabu, na mara nyingi wimbo wenyewe utageuka wa malalamiko bila wewe kutaka.

Ukichagua sikio la prodyuza, -eri ni finyu kweli. Sikushauri uendelee kuikamua. Pindua mshororo: "Kwenye feri nakungoja". Mizani ni nane vilevile na maana haikupungua, ila sasa umesimama kwenye -oja, na -oja ina watu: moja, pamoja, hoja, kioja, vioja, hata koja, lile la asumini. Yote yanapatana kuanzia kwenye mkazo, kwa hiyo ami ataridhika na prodyuza ataridhika. Mathalani:

Kwenye feri nakungoja, tuvuke sote pamoja,
Usinizulie hoja, nina neno langu moja.

Sikwambii uitumie hiyo, imetoka haraka haraka. Nilitaka uone kwamba neno la mwisho wa mstari huchaguliwa mapema, wakati sentensi bado laini. Watunzi wengi wachanga huandika mstari wa kwanza kama ulivyowajia, wakaugandisha, kisha wakateseka siku nzima kuutafutia mwenzake. (Na tafadhali usije ukaweka nauli humo. Watu wa Likoni watakuuliza tangu lini mwenda kwa miguu akalipa feri.)

Utajiri mkubwa zaidi umo kwenye vitenzi, na hapa ndipo ningependa ukae sana. Kitenzi cha Kibantu hubadili mwisho wake kwa jinsi unavyokisema. Chukua penda. Napenda ina kina cha -nda. Nipende, -nde. Sipendi, -ndi. Pendo, -ndo. Mzizi mmoja umekupa vina vinne, na kila kimoja kina jamaa zake: kwenda, kutenda, kidonda, uende, vipande, upande, kundi, fundi, ushindi, tendo, mwendo, uvundo. Bado hujagusa pendana, pendeka, pendwa, pendeza, pendelea. Ukikwama kwenye "mimi nakupenda", jaribu "wewe hunipendi" uone wimbo unaelekea wapi. Mara nyingine kina ndicho kinachokuonyesha kisa.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu havina mchezo huo: asubiri, hasubiri, nisubiri, mwisho ni ule ule. Hilo nalo lina faida yake, maana unaweza kubadili nafsi na hali katika ubeti mzima na kina kisitikisike.

Ila usidanganyike na wepesi. Vina vya -ni (moyoni, nyumbani, baharini) na vya -ngu na -ko (wangu, langu, wako, lako) vinaruhusiwa, malenga wenyewe wamevitumia, lakini ubeti uliojaa -ni mwanzo hadi mwisho huniambia mtunzi alikuwa na usingizi. Changanya. Moyoni ikutane na soni au mboni na utaona zinavyochangamka, kwa sababu moja ina kiambishi na nyingine ni neno zima.

Jambo jingine la kuangaliwa ni sauti zinazofanana bila kuwa moja. Kwa mtunzi makini sa si sha, da si nda, ba si mba. Radhi na kazi hazipatani, hasa hapa kwetu ambako dhi na zi bado zinatamkwa mbalimbali. Studio wanaweza kukupitishia. Ami hatakupitishia, na mimi niko upande wake. La maneno kama kulia na kujua ni gumu kidogo. Silabi ya mwisho ni a peke yake, kwa hiyo kikanuni yanapatana. Kwa sikio langu ni dhaifu mno. Weka -ia na -ia, -ua na -ua, utalala salama.

Kwa kuwa u mtu wa Mombasa, una mfuko wa ziada. Kimvita kina mato kwa macho, ndia kwa njia, mtele kwa mchele, kuteka kwa kucheka. Macho ina jamaa wachache. Mato inakaa na moto, mtoto, uzito na mapito kwa kipimo cha ami, na kwa kipimo cha prodyuza inakaa na kato na pato. Lakini usiseme mato kwenye mstari wa tatu kwa ajili ya kina tu, halafu macho kwenye wa tano. Wimbo ukiwa wa Kimvita, uwe wa Kimvita tangu juu.

Tena hakuna aliyekulazimisha kubeba kina kimoja wimbo mzima. Shairi la mtiririko hufanya hivyo. La ukaraguni hubadili vina kila ubeti, na nyimbo nyingi za leo ni ukaraguni hata kama waimbaji hawalijui jina. Feri na heri ziachie kibwagizo, ambako kurudiarudia ndiko kunakotakiwa.

Kuhusu kamusi: hizi za kawaida zimepangwa kwa herufi za mwanzo, na wewe unatafuta mwisho, kwa hiyo kuzifungua ukurasa kwa ukurasa ni kujichosha. Pitisha konsonanti mdomoni moja moja mbele ya -oja (boja, choja, goja, hoja, koja...) na uandike zilizo maneno kweli. Ukiwa na maandishi marefu ya Kiswahili kwenye kompyuta, tafuta "oja" ukiifuatisha na nafasi tupu, itakuletea kila neno linaloishia hivyo isipokuwa yaliyogusana na nukta au koma, kwa hiyo rudia tena ukiweka hizo.