Jibu: Watoto saba wanasoma nyumbani, na Krismasi je?

Dada, umeuliza tunawezaje kufundisha watoto saba nyumbani bila mama kurukwa na akili, na sikukuu tunazifanyaje. Akili huruka kidogo, hasa Jumatatu.

Sisi ni Watanzania, tunaishi Texas. Hapa sheria haidai usajili. Mtaala uwe na kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Asubuhi tunasali, tunaimba pambio, kisha wakubwa wanawasomesha wadogo huku mimi nikipambana na hesabu za wale wa katikati. Aliye zamu ya uji hasamehewi hesabu (wameshajaribu). Saa sita mchana tumefunga vitabu. Kiswahili ni cha mezani: ukiomba chumvi kwa Kiingereza, unakula hivyo hivyo.

Desemba ndiyo raha yenyewe. Kila Jumapili ya Majilio tunawasha mshumaa, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Ugomvi wa nani awashe ulinichosha, nikabandika zamu kwenye friji. Zawadi tunaokota majina kwenye kofia, kila mtoto anampa mwenzake mmoja tu. Wangepeana wote zingekuwa 42! Sare za kitenge nilishona mwaka mmoja, sirudii. Nilipofika wa saba, gauni la wa kwanza lilishambana.

Krismasi yenyewe tunampigia bibi yao Moshi saa kumi na mbili asubuhi, kwao ni saa tisa alasiri na pilau imeshaliwa. Yetu ndiyo kwanza vitunguu vinamenywa.

Kuhusu vitabu nitakuandikia kesho, mdogo ameamka.